Viazi vya Moto na Supu Iliyochelewa: Hadithi za Korea Zikisomwa Manyoni

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wasomaji wa Manyoni, mkoani Singida. Umechapishwa kama ulivyosemwa, pamoja na maneno ya pembeni.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, mama zangu mamalishe, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimeisha: Mbukwenyi! (Kicheko.) Haya, nimejaribu Kigogo. Wanyaturu na Wakimbu mliomo humu mnisamehe, salamu zenu nitajifunza kabla sijaondoka.

Mwenyekiti aliponitumia ujumbe aliniomba nizungumzie fasihi ya dunia. Nikamwambia dunia ni kubwa mno kwa mchana mmoja, anipe nchi moja. Tukakubaliana Korea. Nia yangu basi ni kuwashawishi kwamba hadithi za Wakorea zinasomeka vizuri sana kutoka hapa Manyoni, na kwamba mlango wa kuingilia ni jikoni. Nitatoa hoja tano. Hazilingani kwa urefu, kwa hiyo msizipime kwa saa.

Kwa nini Korea? Kwa sababu imekwisha kuingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Sizoni ya Jumong mnaijua. Wapo humu wanaoweza kunitajia maadui wa Jumong mmoja mmoja vizuri kuliko wanavyoweza kunitajia madiwani wao. Treni ya mchongoko inayokimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma imeundwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na reli yake ndiyo inayoendelea kujengwa kupita huku kwetu kwenda Tabora. Tena mwezi Oktoba 2024 Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ilikwenda kwa Han Kang, mwanamke wa kwanza wa Asia kuipata, miaka mitatu baada ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Sizoni tunazo, treni tunazo. Vitabu ndivyo havijafika, na hata anayevipata huvipata kwa Kiingereza.

Hoja ya kwanza. Katika hadithi hizi chakula husema yale ambayo mhusika hathubutu kuyasema.

Nawapa mfano wa Kim Yu-jeong, mwandishi wa mkoa wenye milima wa Gangwon. Mwaka 1936 alichapisha hadithi fupi ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita "Maua ya Kamelia". Kijana wa miaka kumi na saba anatengeneza ua wa nyumba yao. Jirani yake Jeomsun, msichana wa rika lake, anamnyemelea kwa nyuma, anachekacheka, kisha anatoa chini ya aproni viazi vitatu vilivyochomwa, bado vinatoa mvuke. Anamwambia ale haraka asije akaonekana. Angesema hilo tu, hadithi ingeishia kwenye mapenzi. Lakini anamwambia pia kwamba kwao kijana viazi hivyo havipo. Kijana havigusi. Anavisukuma nyuma kwa mkono bila hata kugeuza shingo.

Kwa nini amekataa? Mhadhiri wa chuo angeandika kurasa nyingi juu ya matabaka. Ninyi mnajua tayari. Wazazi wa kijana wanalima shamba la watu. Baba yake Jeomsun ndiye msimamizi wa mwenye mashamba. Akinuna, familia nzima inafungasha. Mama wa kijana amekwisha kumwonya asionekane na binti huyo. Viazi vile vimebeba huba, vimebeba na dharau, na aliyevileta hajui kwamba amevileta vyote viwili. Nani humu hajawahi kupewa sahani ya chakula pamoja na neno lililomfanya ashindwe kuimeza?

Msichana naye analipiza kisasi, na hapa wana Singida mtege masikio, maana analipiza kwa kuku. (Kicheko.) Anampiga tetea wa kwao kijana. Anamchochea jogoo wake, dume la vita, amparure jogoo wa kijana mpaka damu. Kijana amesikia kwamba jogoo akilishwa gochujang hupata nguvu za kupigana. Gochujang ni rojo zito jekundu la pilipili, nafaka na soya, linalokaa mtungini miezi mingi likichachuka. Anamlisha. Jogoo anafurukuta kidogo, kisha anashindwa. Siku nyingine kijana anazidisha dawa: anaikoroga pilipili kwa maji na kummiminia jogoo kooni kwa kijibomba cha kuvutia sigara. Jogoo analegea, shingo inaanguka, na mwenyewe anabaki akihofia amemuua.

Huu mkoa unaopeleka matenga ya kuku wa kienyeji Dar es Salaam hauhitaji maelezo ya chini ya ukurasa kuielewa sehemu hiyo. Anachohitaji msomaji wa hapa ni kuambiwa gochujang ni nini. Sentensi moja inatosha, nami nimeshaisema.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wakorea wameiandika njaa yao, na wameiandika kwa kutaja chakula chenyewe kwa jina.

Mwaka 1924 Hyun Jin-geon alichapisha hadithi inayoitwa, kwa tafsiri nyepesi, "Siku ya Bahati". Mhusika ni mvuta riksho wa Seoul. Leo tungemwita bodaboda, ila huyu injini ni miguu yake. Siku nyingi hajapata kitu. Siku hiyo ya mvua abiria wanafuatana, na fedha anayopata inamtia hofu kwa wingi wake. Nyumbani ana mke mgonjwa na mtoto wa miaka mitatu. Mke ameomba seolleongtang: supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Ni jirani ya supu ya makongoro tunayokunywa hapa alfajiri, kabla basi halijaja. Mume amemfokea mkewe kwa ombi hilo, kwa sababu hakuwa na fedha. Sasa anayo. Lakini miguu inakataa kwenda nyumbani. Anapitia kilabuni, analewa, anacheka na kulia. Hatimaye anafika na supu mkononi. Mke amekufa, na mtoto ananyonya ziwa lisilo kitu.

Kuna jambo dogo katika hadithi hiyo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Ugonjwa wa mke ulizidi baada ya kupakua kwa pupa nafaka ndogo ndogo, jamaa ya uwele na ulezi, na kuibugia kabla haijaiva. Kwa nini isiwe wali, ikiwa Korea ni nchi ya mpunga? Kwa sababu tangu 1910 hadi 1945 Korea ilikuwa koloni la Japani, na katika miaka hiyo ya 1920 mchele wake ulipakiwa melini kwa wingi kwenda kulisha miji ya Wajapani, huku maskini wa Korea wakila nafaka ndogo zilizoletwa kutoka Manchuria. Sufuria ya yule mama ndiyo siasa yote ya koloni lile. Mwandishi hatoi hotuba. Anataja nafaka, basi.

Nikisema hayo hapa Ugogo najua mnalifikiria neno gani. Mtunya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita katika nchi hii yakichukua mifugo, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Watu wakafa kwa maelfu, na wazee wakalihifadhi jina hilo. Wanahistoria wameliandika. Nauliza wanafunzi mliomo humu: riwaya yake ya Kiswahili iko wapi? Iko wapi hadithi fupi hata moja, yenye sufuria moja, mama mmoja, na mlenda uliokosa ugali? Huwa tunaambiwa tusisome vya wageni kabla ya kumaliza vyetu. Hadithi ya kurasa chache ya mwaka 1924 imenionyesha shimo lililomo kwenye rafu yetu wenyewe. Naona faida hiyo yatosha.

Hoja ya tatu: mezani ndipo penye mamlaka.

Kitabu cha Han Kang kilichomtangaza duniani kilitoka Korea mwaka 2007, kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Deborah Smith, na mwaka 2016 kikapata tuzo ya kimataifa ya Man Booker. Mwanamke wa kawaida kabisa, Yeong-hye, anaota ndoto za damu, anaamka usiku na kuitoa nyama yote kwenye friji. Tangu hapo hali nyama. Ukoo unakutana kula chakula cha mchana. Baba, askari wa zamani wa vita vya Vietnam, anaamuru ashikwe, kisha anamsukumia kipande cha nyama mdomoni. Binti anachukua kisu na kujikata kifundo cha mkono.

Wasomaji wa London ambao kwao kuacha nyama ni jambo la kuchagua kwenye menyu wanaweza kuona kwamba baba amepagawa tu. Msomaji wa Manyoni ataona zaidi. Hapa nyama inagawiwa kwa heshima. Kila kiungo cha mbuzi kina mwenyewe, na ukimrudishia mzee sahani yake mbele ya wakwe umefanya jambo litakalojadiliwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtauelewa uzito wa kukataa kwake, na hofu ya mama anayembembeleza. Na pengine, nasema pengine, baadhi yetu wanaume tutajiona katika mkono ule wa baba, jambo ambalo si la kupendeza. (Minong'ono.) Ndiyo, nawasikia.

Pamoja na huyo nawapendekezea Shin Kyung-sook. Riwaya yake juu ya mama aliyepotea ilitoka 2008, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja nchini mwake, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo ya Man Asian. Wazee wawili wanatoka kijijini kwenda kuwaona watoto wao Seoul. Kwenye stesheni, mume anatangulia kupanda treni ya chini ya ardhi kama alivyozoea kutangulia maisha yake yote. Milango inafungwa, mke anabaki. Hapatikani tena. Watoto wanaanza kumtafuta na kugundua kwamba hawakumjua. Mmoja wao anakumbuka kumuuliza mama kama alipenda kukaa jikoni. Mama akamwambia kwamba nyakati nyingine, jiko lilipogeuka kuwa gereza, alitoka nyuma ya nyumba, akachukua kifuniko cha mtungi na kukivurumisha ukutani kwa nguvu zake zote.

Sisi ni mji wa stesheni. Tumeshuhudia wazee wakishushwa, wakipandishwa, wakisahauliwa juu ya furushi. Akina mama, mimi sitawauliza mmevunja vifuniko vingapi. (Kicheko kirefu.)

Lakini nisiwadanganye. Jiko halifungui milango yote. Han Kang ana riwaya nyingine, ya mwaka 2014, kuhusu mauaji ya raia katika mji wa Gwangju Mei 1980. Humo hapana pa kuingilia kwa harufu ya supu. Lazima usome historia, na lazima uvumilie.

Hoja ya nne inawahusu wapishi. Msomaji apike japo mara moja kile anachokisoma.

Najua mtasema mapishi ya Kikorea ni ya wenye hoteli Masaki. Hebu tutazame kilichopo kwenye soko letu. Choroko zipo, na bei mnaijua. Wakorea wana chapati ya choroko iitwayo bindaetteok, asili yake upande wa kaskazini. Loweka choroko usiku kucha, zisugue maganda yatoke, zisage na maji kidogo ziwe rojo lisilo laini sana. Tia chumvi, vitunguu majani, kabichi iliyochachuka. Wao huongeza nyama ya nguruwe. Asiyekula atie ya ng'ombe au asitie kabisa. Kaanga kwa mafuta mengi, na ya kwetu ya alizeti yanafaa, mpaka kingo zikauke zilie ukizigusa. Aliyewahi kukaanga bajia za kunde hatapotea njia, ila asisage laini mno wala asipunguze moto, maana itanyonya mafuta na kuwa sifongo.

Kimchi nayo ni kabichi iliyolazwa kwenye chumvi saa kadhaa, ikaoshwa, ikapakwa pilipili, kitunguu saumu, tangawizi, figili iliyokatwa nyembamba na kitu cha samaki wa chumvi. Ikikosekana kabichi ndefu ya Kichina, hii ya mviringo nayo hutumika, hata kwao. Kule hutengenezwa kwa wingi kabla ya baridi, majirani wakisaidiana. Desturi hiyo imeorodheshwa na UNESCO mara mbili, 2013 kwa Korea Kusini na 2015 kwa Kaskazini, ndugu wasiopitiana mpakani lakini wenye mtungi mmoja. Kwa joto letu la Oktoba itachachuka kwa siku moja au mbili, kwa hiyo tengeneza kidogo. Na anayeona pilipili ile kuwa ugeni akumbuke kwamba ilitoka Amerika. Wareno na wafanyabiashara waliofuata nyayo zao ndio walioieneza huku na kule, na Korea ilifika mwishoni mwa karne ya 16. Wao na sisi ni wanafunzi wa darasa moja.

Nimeacha mtama makusudi mpaka sasa. Wakorea hukanda vidonge vya unga wa mtama mwekundu, wakavichemsha na kuviviringisha kwenye maharage mekundu yaliyopondwa, kwa ajili ya mtoto anapotimiza siku mia moja, na tena kwenye kumbukumbu ya siku yake ya kuzaliwa. Wekundu huo huaminiwa kufukuza husuda na mabaya. Na wana ngano ambayo kila mtoto wao anaijua. Mama anarudi jioni kutoka kibaruani na vitumbua vya mchele kichwani. Chui mkubwa mwenye milia anamzuia kila kilima: nipe kimoja, nisikule. Anatoa kimoja kimoja mpaka vinaisha, naye analiwa. Chui anavaa nguo zake na kwenda kuwagongea watoto. Watoto wanapanda mti, wanaomba kamba kutoka mbinguni, wanashushiwa kamba nzima na kupaa. Mmoja anakuwa jua, mwingine mwezi. Chui anaomba naye, anashushiwa kamba iliyooza, inakatika. Anaangukia wapi? Kwenye shamba la mtama. Damu yake ndiyo iliyoyatia mabua ya mtama ule wekundu mnaouona mpaka leo.

Watoto wa Manyoni wanatembea katikati ya mabua hayo kwenda shule. Hakuna mtoto wa Ulaya mwenye haki ya ngano hiyo kuwazidi.

Hoja ya tano, tafsiri, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu namwona Mwenyekiti anatazama saa.

Kiswahili si kigeni katika kupokea. Mwalimu Nyerere alitupa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama 1967. Clement Maganga alimleta Mariama Bâ katika Barua Ndefu Kama Hii. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alimrudisha Gurnah nyumbani kwa Peponi. Kutoka Korea tunahitaji mikono ya namna hiyo, na mahali pa kuanzia ni hadithi fupi za zamani. Kim Yu-jeong alifariki 1937, Hyun Jin-geon 1943. Maandishi yao hayana tena mwenye kudai hakimiliki. Tafsiri za Kiingereza zina wenyewe, kwa hiyo kazi inayochapishwa sharti itoke kwenye Kikorea chenyewe. Wapo wa kushirikiana nao: Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Hankuk, huko Korea Kusini, kinafundisha Kiswahili, nao vijana wake huenda wanatafuta watu wa kuongea nao.

Kama mnadhani kutafsiri ni kazi ya walioshiba, sikilizeni hili. Machi 1937, siku chache kabla ya kufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 29, Kim Yu-jeong, yule wa jogoo na pilipili, alimwandikia rafiki yake An Hoe-nam. Alimwomba amtafutie riwaya za upelelezi zenye kupendwa na watu, azitafsiri upesi, apate fedha. Na fedha hizo alitaka za nini? Anunue kuku wapatao thelathini awachemshe na kuwala, na nyoka pia, ili mwili upate nguvu. Hakuwahi kuwala.

Sasa tufanye nini? Napendekeza hivi. Mnamkumbuka Lufufu na wenzake waliotafsiri filamu kwa mdomo, wakizitia chumvi na vichekesho, na nchi nzima ikafuata. Tuwaige. Katika kikao kijacho walimu wa Kiingereza wasome hadithi ya viazi ukurasa kwa ukurasa, na wanafunzi waisimulie papo hapo kwa Kiswahili cha Manyoni, wengine wakirekodi kwa simu. Wasimuliaji watatu, tafsiri tatu, tuzisikilize, tugombane. Humo tutajua nani ana sikio. Hao wenye sikio ndio tuwatafutie nafasi ya kujifunza Kikorea, wawili tu wanatosha kwa kuanzia, na rasimu yao ipitiwe na mzungumzaji wa lugha ile kabla ya mtu yeyote kutaja uchapishaji. Hadithi ya riksho ije ya pili, nayo isimuliwe na dereva wa bodaboda, si mwalimu. Na yule kati yenu mwenye bibi anayekumbuka alivyosimuliwa Mtunya aje na simu yenye chaji.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naona mkono umenyooshwa kule nyuma, na ni wa mwenye kuku.